Kabla Upige Selfi Karura

Kila wikendi status za mabeshte wangu zinajaa yale maporomoko ya maji ya Karura. Raba nyeupe, pozi juu ya mawe, maji nyuma. Sina shida na hiyo, hata mimi ninazo picha kama hizo. Ila wasee, mahali hapo hapakubaki msitu kwa bahati.

Karura ilitangazwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, mkoloni akiwa bado anatawala. Ni zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, karibu kabisa na Muthaiga na Gigiri. Hebu piga hesabu ya bei ya ploti huko. Sasa unaelewa kwa nini miaka ya 1990 wakubwa walianza kugawiana vipande vyake kimyakimya wajenge manyumba. Kufikia 1998 miti ilikuwa inakatwa na mashine ziko ndani.

Wangari Maathai na watu wake wa Green Belt Movement walienda na miche. Miche tu! Tarehe 8 Januari 1999 walikutana langoni na kundi la wanaume wenye marungu na mijeledi. Wangari akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha taarifa, aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Tulia kidogo usome tena hiyo sentensi.

Halafu mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, wakala vitoa machozi kwa sababu ya msitu. Watu wa rika letu. (Chuo mimi niliacha, lakini hao makomredi nawavulia kofia.) Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wengi huruka kutoka hapo hadi Nobel ya 2004, kana kwamba mambo yaliisha. Wapi! Kwa miaka mingi Karura ilikuwa mahali pa kuogopa, wezi wamejaa. Ua na walinzi vilikuja baada ya Friends of Karura kuundwa 2009, wakishirikiana na shirika la misitu la serikali. Ndiyo sababu leo unakimbia na kuendesha baiskeli humo Januari hadi Desemba.

Na karibu na hayo maporomoko kuna mapango. Inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Wengi wetu huchungulia, tukasema kuna giza, tukarudi kwa maji.