Jinsi ya Kuielezea Biashara Yako kwa Dakika Moja Mpaka Ieleweke

Mtu anaweza kuwa na bidhaa nzuri lakini akakosa mteja au mkopo kwa sababu anaongea sana bila kueleweka. Ukipata nafasi ya kujieleza, fuata mpangilio huu:

1. Baada ya salamu, anza na shida ya mteja, sio historia yako. Mfano kwa mwenye mgahawa: "Mama, sabuni nyingi za maji ni nyepesi, zinaisha haraka."

2. Taja suluhisho kwa sentensi moja: "Yangu ni nzito, vifuniko viwili vinatosha beseni zima la vyombo."

3. Toa namba: "Mwezi uliopita niliuza lita 200, na migahawa 6 imerudi kununua." Usitie chumvi. Ukiulizwa daftari la mauzo, liwepo.

4. Maliza na ombi moja: "Naomba nikuachie lita 1 ujaribu, Ijumaa nitapita." Kama ni mkopo, taja kiasi, utanunua nini na utarejesha vipi.

Kabla ya kwenda, jirekodi kwenye simu. Ikizidi dakika moja, punguza. Kisha msikilizishe mtu asiyeijua biashara yako, aieleze kwa maneno yake. Akishindwa, rekebisha maelezo yako.