MAZIWA NA HOMA ISIYOISHA (Sehemu ya 3)

Leo tuzungumzie kisa cha kisiwa cha Malta, maana kinatuhusu sisi wa Lutindi, Korogwe na Handeni kuliko mnavyodhani.

Miaka ya 1880 wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Malta walisumbuliwa na homa ya ajabu. Inapanda, inashuka, jasho usiku, viungo na mgongo vinauma, wiki hata miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce akaripoti bakteria aliyempata kwenye wengu za waliokufa. Ndiyo maana leo tunaita brusela, kutokana na jina lake.

Sasa, mdudu kapatikana, lakini anaingiaje mwilini? Jibu lilichukua miaka 18! Watu walishuku hewa, maji, vumbi. Mbuzi hakuna aliyemshuku. Mbuzi wa Malta walipitishwa nyumba kwa nyumba, wanakamuliwa mlangoni, maziwa ya moto moto. Mbuzi wenyewe wamenona, wazima kabisa.

Mwaka 1905 daktari wa hapo hapo Malta, Themistocles Zammit, akawapima damu. Karibu nusu walikuwa wameambukizwa, na kama mmoja kati ya kumi alitoa bakteria kwenye maziwa. Mwaka 1906 wanajeshi wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa kambini ikashuka ghafla.

Lakini jamani, uraiani watu waliendelea kunywa maziwa yale yale na kuugua kwa miaka mingi. Elimu ilifika kambini, jikoni kwa mama haikufika.

Kwetu Tanganyika, ugonjwa huu uliripotiwa kwenye ng'ombe huko Arusha mwaka 1927. Kwa hiyo si wa Wazungu, wala si mpya. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kutupa mimba mara moja, kisha akaonekana mzima na kuendelea kukamuliwa.

Najua mtasema, "Nesi, bibi zetu walikunywa mabichi." Kweli. Na wangapi waliambiwa wana malaria isiyosikia dawa? Kibuyu kilichofukizwa moshi kinanukia vizuri, na kuganda kunapunguza baadhi ya bakteria, lakini brusela anaweza kubaki hai kwenye mtindi wa maziwa mabichi.

Basi tufanye hivi:

1. Chemsha maziwa mpaka yapande, punguza moto, koroga, yaache yachemke dakika chache. Hata ya ng'ombe wako mwenyewe.
2. Mtindi: chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe.
3. Mjamzito usionje mabichi kabisa. Brusela inaweza kuharibu mimba.
4. Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.
5. Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu. Mwite mtu wa mifugo.
6. Homa inakwenda na kurudi, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu? Mwambie mhudumu kama unakunywa maziwa mabichi au unafuga. Brusela inatibika, ila dawa ni za wiki kadhaa. Usiziache katikati ukipata nafuu.

Mtumie na jirani anayeuza maziwa kwa dumu. Sehemu ya 4 tutaongelea kifua kikuu cha ng'ombe.