Chombo Kabla ya Safari: Habari za Mwamgongo na Upepo wa Kusi

Katika nchi za theluji, mtu akusudiapo kupanda milimani kwa gari wakati wa baridi huanza safari yake siku kadhaa kabla ya kuondoka, akatia katika rejeta dawa ya kuzuia maji yasigande, akapima betri, na akachukua minyororo ya kufungia magurudumu, wala hakuna amwonaye kuwa mwoga kwa kufanya hivyo. Huku Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini ya msitu wa Gombe, baina ya Kigoma na mpaka wa Burundi, vizazi vingi viliishi na kupita pasipo kusikia mngurumo wa gari, kwa kuwa milima imeshuka mpaka ufukoni na njia kuu iliyobaki ni Ziwa Tanganyika. Lakini hadhari kama hiyo ilikuwapo kwao tangu zamani, isipokuwa walichokiandaa kilikuwa chombo cha majini, na adui waliyemwandalia alikuwa kusi.

Kusi hushika nguvu kuanzia Mei na kuendelea hadi Septemba, wakati wa kiangazi, na mwenye kulijua umbo la ziwa hili hatastaajabu kwa nini linaogopwa. Ziwa limenyooka kutoka kusini kwenda kaskazini mwendo wa kilomita zipatazo 670, nalo ni jembamba, limebanwa na milima pande mbili, hata upepo utokao kusini ukishaanza kukimbia juu ya maji hauna kitu cha kuuvunja, na kila wimbi hukabidhi nguvu zake kwa wimbi lililo mbele yake. Atokaye Kigoma kwenda Mwamgongo huwa na upepo huo mgongoni, ambao mara humsaidia na mara humsukuma kuliko atakavyo. Ama yule apelekaye dagaa wake sokoni hukutana nao uso kwa uso, chombo kimeshiba mizigo na ukingo wake uko karibu na maji.

Katika zama za kwanza chombo kilikuwa mtumbwi wa gogo moja, na mtumbwi uliosifiwa Ujiji, mji wa kale ulio karibu na Kigoma, ulikuwa wa mvule wa Ugoma, yaani wa ng'ambo ya magharibi, katika nchi ambayo leo ni Kongo, ambako miti mikubwa ilikatwa na kuchongwa kabla ya kuvushwa. Basi maandalizi ya safari yalianza mbali sana, kwa mtu mwenye shoka na tezo ambaye pengine hakupata kuiona pwani ya Mwamgongo maishani mwake. Mtumbwi ulipofika, kazi ya mwenyewe ilikuwa ni kuulinda na jua, kwa maana gogo likikauka ghafula hupasuka, na ufa mdogo ufukoni huwa msiba katikati ya maji. Kisha yalitazamwa makafi, ikatazamwa kamba, na zaidi ya vyote ukatazamwa upo wa kukumbia maji, chombo hafifu kisichotajwa na wasafiri wengi katika vitabu vyao, ingawa ndicho kilichowafikisha.

Waarabu na Waswahili walipofanya makao Ujiji katika karne ya kumi na tisa, walikuja na maarifa ya bahari: tanga, mlingoti, mbao zilizoungwa kwa misumari juu ya mataruma, na kalafati, ambayo ni kazi ya kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Hapa pana jambo ambalo kwa maoni yangu halijapewa haki yake. Baharia wa Unguja au wa Lamu hupandisha jahazi lake pwani akalipaka deheni, yaani chokaa na shahamu, hususa kwa sababu ya wadudu wa maji ya chumvi wanaotafuna mbao; lakini maji ya Tanganyika ni matamu, na wadudu wale hawamo. Kwa hiyo fundi wa ziwani alipunguziwa adui mmoja, akabaki na wawili wa kumshughulisha, jua na wimbi, na elimu yake yote ikakusanyika katika kiungo cha ubao na ubao.

Mbele ya ufuko huu wa Mwamgongo wamepita wasafiri wa Kizungu wenye majina makubwa. Mwaka 1858 Burton na Speke, baada ya kushindwa kupata jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, ambalo Speke alilivukia ziwa zima kwenda kuliomba, walikwenda Uvira kwa mitumbwi. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipita njia hiyo hiyo katika mtumbwi wa mvule walioazimwa na Sayyid bin Majid, hata wakafika Rusizi na kuthibitisha kwamba mto ule unaingia ziwani wala hautoki. Cameron yeye hakupita hapa, kwa kuwa mwaka 1874 alitaka kulizunguka ziwa upande wa kusini; naye alikitengeneza chombo chake Ujiji na kukitilia tanga kabla ya kuondoka, na mwendo huo ndio uliomfikisha mto Lukuga. Heshima za safari hizo wamepewa mabwana waliokaa katikati ya chombo. Waliokishona, waliokiziba na waliokikumba maji usiku kucha hawakuandikwa, ilhali msafiri mwenyewe asingaliweza kufanya hata moja katika kazi hizo.

Maandalizi hayo hayakuwa ya mikono peke yake. Rasi Kabogo, kusini ya Kigoma, ilijulikana kuwa maskani ya pepo, na wapiga makasia walipoikaribia walitupa shanga majini ili wapewe njia; Waislamu nao walisoma Fatiha, na wengine, nadhani, walifanya yote mawili bila kuona taabu.

Lakini katika habari zote za kuandaa vyombo ziwani, hakuna iliyo ya ajabu kuliko ile ya mwaka 1916. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaungwa tena na kushushwa majini Februari 1915. Vita vilipowageukia Wajerumani, na reli ikawa inakaribia kukatwa, waliamriwa waizamishe isitwaliwe na adui. Mafundi walioileta kutoka kwao hawakuiharibu. Waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila mahali ambapo maji yangeweza kula chuma, kisha Julai 26, 1916 wakaishusha chini karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Nimetafakari mara nyingi ni moyo wa namna gani unaomfanya mtu aihifadhi kwa makini hivyo kazi ambayo hana hakika ya kuiona tena. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali yafaa, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, nayo mitambo ile ya mvuke ikaendelea kuiendesha mpaka ilipoondolewa katika miaka ya 1970 na kutiwa dizeli.

Kwa wanakijiji, hata hivyo, meli haikuwa badala ya mtumbwi. Msitu wa Gombe ulikuwa umefanywa hifadhi mwaka 1943, na mwaka 1968 ukawa hifadhi ya taifa, hata mbao za karibu zikawa si halali kwa shoka la fundi na ikambidi anunue za mbali. Injini ya kupachika nyuma ya boti ilipoenea, ilikuja na elimu yake: petroli ichanganywe na oili kwa kipimo, plagi isafishwe, pini ya akiba ya propela iwekwe mahali pa kufikiwa gizani. Palikuwa na wazee waliodhani kwamba injini ingeondoa haja ya kalafati. Kumbe mtikiso wake huilegeza misumari na kuitoa pamba upesi kuliko tanga lilivyofanya, na fundi wa zamani akazidi kutafutwa.

Saa za safari ndizo zilizobaki kama zilivyokuwa. Boti za abiria huiacha pwani ya Mwamgongo asubuhi na mapema, ziwa likiwa bado limetulia, hupita Gombe, na kufika Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, watu wauze dagaa na kununua sabuni na bati. Mchana hupakia tena kwa safari ya kurudi, na katika miezi ya kusi nahodha mwenye akili, hata abiria wakimlalamikia kwamba wamechelewa, hushuka kwanza majini akaupapasa ubao wa chini kwa kiganja chake, kiungo kwa kiungo, kabla ya kuruhusu gunia la mwisho lipandishwe.