Dhahabu na shaba: metali mbili za mwamba mmoja wa Buzwagi

Dhahabu (alama Au) na shaba (alama Cu) ni metali za mpito zilizochimbwa pamoja katika mgodi wa Buzwagi, kilomita chache kutoka mjini Kahama, mkoani Shinyanga. Mgodi huo wa shimo la wazi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaingia katika hatua ya kufungwa. Ulijulikana kama mgodi wa dhahabu. Hata hivyo, namna mbale zake zilivyochenjuliwa, njia ambayo sehemu ya mali yake ilisafirishwa na ugomvi mkubwa ulioukumba mwaka 2017 havieleweki bila kuitazama shaba iliyokuwa imejificha ndani ya jiwe lilelile.

Undugu wao

Katika jedwali la elementi, zote mbili zimo kundi la 11, fedha ikiwa katikati yao. Namba atomia ya shaba ni 29, ya dhahabu 79. Kila moja ina elektroni moja tu katika ganda la nje, juu ya ganda la d lililojaa elektroni kumi. Mwanakemia mkali angeuliza kwa nini basi ziitwe metali za mpito, ilhali sifa ya metali hizo ni ganda la d lenye nafasi. Jibu limo kwenye ayoni. Shaba ikipoteza elektroni mbili, au dhahabu ikipoteza tatu, pengo hutokea katika ganda hilo. Pengo hilo ndilo linaloupa mrututu, yaani salfeti ya shaba ambayo wakulima huipulizia mimea dhidi ya ukungu, rangi yake ya samawati.

Metali nyingi zina weupe wa kijivu. Hizi mbili zina rangi. Ya dhahabu ina chanzo cha ajabu: kiini cha atomu yake ni kizito kiasi kwamba elektroni za ndani hukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na nadharia ya Einstein ya uhusiano huanza kufanya kazi. Matokeo yake ni kwamba metali hiyo hufyonza mwanga wa buluu na kurudisha wa manjano.

Kiwango cha kuyeyuka karibu kilingane: shaba nyuzi 1085 za selsiasi, dhahabu 1064. Kwa uzito zinaachana mbali. Shaba inayojaa chombo cha lita moja ina takriban kilo 9, dhahabu kilo 19 na zaidi. Tofauti ya uzito ndiyo inayouendesha mwalo wa mchimbaji mdogo, maana maji huchukua mchanga na chembe za dhahabu zikabaki kwenye zulia. Shaba haina bahati hiyo. Katika miamba ya aina ya Buzwagi haikai kama metali tupu bali imefungwa ndani ya chalkopairiti, madini ya shaba, chuma na salfa yenye uzito usiofika robo ya ule wa dhahabu. Mchimbaji mdogo akiosha jiwe la namna hiyo, shaba yote huondoka na marudio, yaani mabaki ya mchanga, naye hana habari nayo.

Chalkopairiti hung'aa manjano, na imewahi kuwapa watu furaha ya siku moja. Kipimo chake ni nyundo. Dhahabu ikigongwa hubapa, maana gramu moja yaweza kufuliwa hadi ikatandaza karibu mita moja ya mraba. Chalkopairiti huvunjika vipande, na unga wake ni mweusi wenye ukijani.

Hewa, tindikali na sayanaidi

Shaba huelewana na hewa. Ikiachwa nje hufifia, huwa kahawia, na baada ya miaka hujivika kutu ya kijani. Ndiyo sababu sufuria za shaba za zamani zilipakwa bati ndani, kwani chakula chenye ukali wa ndimu au siki huila shaba na kuigeuza sumu. Dhahabu haielewani na hewa wala maji, na pete iliyozikwa karne kumi hutoka ardhini iking'aa. Sonara hulitumia hilo kila siku. Tone la tindikali ya nitriki juu ya shaba huchemka kwa moshi wa kahawia na kuacha ukijani, ilhali juu ya dhahabu safi halifanyi lolote. Kinachoiyeyusha dhahabu ni mchanganyiko wa tindikali ya nitriki na ya haidrokloriki, au mmumunyo wa sayanaidi wenye oksijeni ndani yake.

Hiyo sayanaidi ndiyo iliyowafanya wahandisi wa Buzwagi, na wa mgodi jirani wa Bulyanhulu, waumize vichwa. Plenti ya kawaida ya dhahabu husaga mbale, huziloweka kwenye sayanaidi, kisha dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na makaa maalumu. Kama kuna shaba, nayo huikamata sayanaidi, na kwa kuwa shaba ndani ya tani moja ya jiwe hupimwa kwa kilo ilhali dhahabu ni gramu moja au mbili tu, dawa ghali huliwa na asiyealikwa. Ikabidi shaba itolewe kwanza. Unga wa mbale ulitiwa kwenye matangi ya maji yenye kemikali zinazoifanya chalkopairiti ichukie maji. Hewa ilipopulizwa kutoka chini, chembe hizo zilishika mapovu zikapanda juu na kuenguliwa kama povu la maharage. Povu hilo likikaushwa ndiyo makinikia. Kilichobaki chini kilikwenda kwenye sayanaidi na mwisho wake kikatoka dhahabu ya mkuo.

Tatizo ni kwamba sehemu ya dhahabu hung'ang'ania chalkopairiti na kupanda nayo. Makinikia ya Buzwagi, kwa hiyo, yalikuwa na shaba, chuma, salfa, fedha na dhahabu kwa pamoja, na Tanzania haikuwa na tanuru la kuyayeyusha. Yalipakiwa kwenye makontena, yakapelekwa bandari ya Dar es Salaam, kisha ng'ambo.

Makontena 277

Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Kamati ya wanasayansi chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipima sampuli za makontena 277 yaliyokuwa yamezuiliwa na kutoa taarifa Mei 24. Wastani wa shaba ulikuwa asilimia 26, yaani tani 5.2 kwa kontena la tani 20. Wastani wa dhahabu ulitajwa kuwa gramu 1,400 kwa tani, sawa na kilo 28 kwa kontena, wakati nyaraka za wazalishaji zilionyesha takriban gramu 200. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi yote miwili, iliyakana matokeo hayo. Juni 12 kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikatoa hesabu za kodi na mapato.

Kwa msomaji wa kemia, namba ya shaba haileti ubishi, kwa sababu chalkopairiti safi ina shaba asilimia 34 na ushei, na povu la plenti halifikii usafi huo. Namba ya dhahabu ndiyo iliyowagawa watu, nayo haina kikomo cha namna hiyo, kwa kuwa dhahabu si sehemu ya fuwele bali mpanda lifti. Hata ukichukua namba ndogo kati ya hizo mbili, kontena moja lina kilo 4 za dhahabu. Mwaka ule gramu ya dhahabu iliuzwa takriban dola 40, na kilo ya shaba takriban dola 6. Piga hesabu: dhahabu dola 160,000, shaba dola 31,000. Vyombo vya habari viliita mzigo ule makinikia ya shaba. Shaba iliupa jina, dhahabu iliupa bei.

Mwaka huohuo sheria zilibadilishwa. Mrabaha wa dhahabu na wa shaba, ambao sheria iliuweka kiwango kimoja, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kampuni ya Barrick iliichukua Acacia yote mwaka 2019, ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, na mwaka 2020 makinikia yakaanza kusafirishwa tena.

Huko yaendako, tofauti ya metali hizi huonekana kwa mara ya mwisho. Makinikia huyeyushwa, salfa na chuma huondolewa, na shaba iliyobaki, yenye dhahabu ndani yake, hutundikwa kama bamba katika beseni la mrututu na kupitishiwa umeme. Shaba huyeyuka upande mmoja na kujijenga upya ikiwa safi upande wa pili. Dhahabu hukataa kuyeyuka, ikaanguka chini ya beseni kama tope. Tope hilo husafishwa kando.

Kazi zao

Wingi ndio unaoamua kazi. Ulimwengu huzalisha shaba zaidi ya tani milioni 20 kila mwaka, ilhali dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa tangu binadamu aanze kuchimba ni tani laki mbili na kidogo. Shaba huenda kwenye nyaya, mota, transfoma na mabomba. Kwa kupitisha umeme inazidiwa na fedha peke yake, na dhahabu ni ya tatu. Ikichanganywa na zinki huzaa shaba ya manjano, iliyotengenezewa siwa ya Lamu, njumu za milango ya Zanzibar na makufuli ya kila duka. Dhahabu huenda kwa masonara, kwenye akiba za benki kuu, na kwenye ncha za vifaa vya elektroniki ambako kutu kidogo tu ingekata mawasiliano. Mikufu yenyewe huzikutanisha: dhahabu ya karati 18 ina robo nzima ya metali nyingine, mara nyingi shaba na fedha, kwa sababu dhahabu tupu ni laini mno kwa mkono unaofanya kazi.

Historia ya Afrika Mashariki imezipanga kwa namna yake. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, lakini sarafu zilizoshikwa na watu wake zilikuwa karibu zote za shaba. Katika karne ya 19 Wasumbwa, ambao nchi yao iko ndani ya ukanda huu wa Bukombe na Kahama, walisafiri hadi Katanga kutafuta shaba na pembe. Mmoja wao, Msiri, akajenga huko dola yake yenye makao Bunkeya, hadi alipouawa mwaka 1891. Waliikanyaga dhahabu kwao wakaifuata shaba ugenini, na kwa soko la wakati wao hawakukosea. Mwaka 1916 Wajerumani waliozingirwa vitani walipiga sarafu Tabora: rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo, na heller 20 kwa shaba nyekundu na ya manjano.

Shaba huenda ikarudi Buzwagi kwa mlango mwingine. Mwaka 2024 kampuni ya Tembo Nickel ilipewa leseni ya kujenga hapo kiwanda cha kusafisha madini ya Kabanga, wilayani Ngara. Madini hayo yana nikeli, kobalti na shaba. Dhahabu haimo katika orodha.