Mafao ya ulemavu mkoani Mara

Mafao ya ulemavu mkoani Mara ni malipo na misaada ambayo mkazi wa wilaya kama Musoma, Bunda au Butiama anaweza kupata akiwa na ulemavu au akipoteza uwezo wa kufanya kazi. Tanzania Bara haina fao moja la ulemavu kwa kila raia. Njia ya kuomba, muda wa kusubiri na matokeo hutegemea hasa kama mhusika ana ajira rasmi au hana.

== Waajiriwa ==
Aliyeumia au kuugua kutokana na kazi hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Wachangiaji ni waajiri, si wafanyakazi. Ajali inatakiwa kutolewa taarifa ndani ya miezi 12, la sivyo haki ya fidia hupotea.

Wakati wa matibabu, mfanyakazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Baadaye madaktari hupima kiwango cha ulemavu wa kudumu. Kisipozidi asilimia 30, hulipwa mkupuo mmoja. Kikizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Asiyeridhika anaweza kuomba mapitio ya uamuzi na kukata rufaa.

Ulemavu usiotokana na kazi huangukia NSSF kwa sekta binafsi, au PSSSF kwa watumishi wa umma. Mwombaji anatakiwa kuwa na michango ya kutosha na kuthibitishwa na jopo la madaktari.

== Wasio na ajira rasmi ==
Wavuvi wa Ziwa Viktoria, wakulima, wafugaji na wachimbaji wadogo ni sehemu kubwa ya wakazi wa mkoa. Wanaweza kujiunga na NSSF kwa hiari, lakini asiyechangia hana fao la kudai.

Njia mojawapo iliyobaki ni ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, iliyoanza awamu ya tatu mwaka 2012. Walengwa hutambuliwa kupitia mkutano wa kijiji au mtaa wakati wa uandikishaji, kwa hiyo aliyepata ulemavu baada ya hapo husubiri uandikishaji mwingine. Ulemavu peke yake hautoshi: kaya lazima iwe maskini.

Njia nyingine ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo hutengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa kuwa ni mkopo, hurejeshwa. Haimfai asiyeweza kufanya shughuli ya kipato.

== Ulinganisho ==
Nchini Kenya, inayopakana na Mara, serikali ilianza mwaka 2011 kulipa ruzuku kwa kaya maskini zenye watu wenye ulemavu mkubwa, bila sharti la michango.