Mwana wa Nyarugusu

Katika vilima vya Matumbi, juu ya Kilwa, neno "kukimbia" lina historia ndefu. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete, si mbali na Kipatimu, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vilipokoma katika 1907 vijiji vingi vilikuwa majivu, na wazee wa huko hata leo husimulia jinsi watu walivyojificha na watoto wao katika mapango ya Nang'oma. Mmatumbi, basi, amepata kuwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, pasipo kuvuka mpaka wala kuandikwa katika daftari la mtu.

Naliyakumbuka hayo jioni moja Kipatimu, nilipokuwa nikiwatazama vijana wakicheza mpira. Mchezo ulipokwisha waliketi chini ya mwembe wakabishana juu ya Bernard Kamungo. Mmoja alishika kwamba Kamungo ni wetu, kwa kuwa kazaliwa Kigoma. Wa pili alimcheka: mtu avaaye jezi ya Marekani atakuwaje wetu? Sikutia neno wakati ule. Lakini hilo neno "wetu" lilinifuata mpaka nyumbani, nami nataka kulipima hapa.

Kamungo aliandikwa kuwa amezaliwa tarehe 1 Januari 2002 katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Kambi hiyo ilifunguliwa katika 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo, na wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wakongo hao. Huko ndiko alikojifunza kuupiga mpira: miguu mitupu, na mpira wenyewe ni mifuko na matambara yaliyofungwafungwa. Kila mtoto wa Kipatimu aujua mpira wa namna hiyo, na hapo ndipo vijana wetu wanapomwona ndugu yao. Wasilolijua ni uzio. Mtoto wa Kipatimu akicheza vema huenda akachezea shule yake, kisha wilaya, na akibahatika, klabu ya Dar es Salaam. Mtoto wa Nyarugusu hawezi kutoka kambini bila kibali.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji, Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Ruvuma, na mkoani Lindi kwetu wengine walikaribishwa Rutamba. Walipewa ardhi, wakalima, wakala jasho lao. Sisemi kwamba maisha yao yalikuwa mepesi. Lakini mkimbizi wa Rutamba alipewa jembe, na yule wa Nyarugusu alipewa kadi ya mgawo. Kati ya wawili hao ilipita miaka thelathini, nayo ilileta umati mkubwa kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, na uchovu wa mwenyeji, na mwishowe Sheria ya Wakimbizi ya 1998, iliyokaza ukaaji wa kambini. Haifai kusahau kwamba nchi hiihii, katika 2014, iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliotokana na wimbi la 1972. Ukarimu haukufa. Ila haukumfikia mtoto wa Nyarugusu.

Sheria ya uraia ya 1995, ukiisoma neno kwa neno, yaelekea kumkubali karibu kila mtoto aliyezaliwa katika ardhi ya Muungano. Katika utendaji, mtoto wa mkimbizi huhesabiwa mkimbizi.

Katika 2016 jamaa yake Kamungo ilipelekwa kukaa Abilene, Texas. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alicheza katika timu ya shule, na huenda habari ingaliishia hapo kama kaka yake asingalimlipia ada ya majaribio ya wazi ya klabu ya North Texas, ambako kijana yeyote huweza kufika akajionyesha. Wakamwona, wakamsajili katika 2021. Mwaka uliofuata FC Dallas ikamchukua. Kutoka mpira wa matambara hadi ujira wa ligi kuu ya Marekani ilikuwa miaka sita tu, na katika hiyo sita hapana hata mmoja aliokaa kwetu.

Tarehe 6 Agosti 2023, mjini Frisco, Dallas ilikutana na Inter Miami ya Lionel Messi. Messi alifunga mapema, Dallas ikasawazisha, kisha karibu na mapumziko Kamungo akafunga na kuwatanguliza wenzake. Mechi iliisha 4-4, na Miami ikashinda kwa penalti. Januari 2024 aliichezea timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Wala hayuko peke yake: Nestory Irankunda, mwana wa Warundi, alizaliwa Kigoma katika 2006, akalelewa Australia, akasajiliwa na Bayern Munich, na tangu 2024 aichezea Australia.

Watu husema kambi imezaa wanasoka. Mimi naona kambi imezaa watoto, na walioonekana ni wale waliopata hati ya kuondoka. Waliobaki, na huenda miongoni mwao wapo waliompita Kamungo kwa chenga, hatuyajui majina yao.

Nilirudi Kipatimu baada ya miezi michache nikawasimulia vijana hayo yote. Walinisikiliza kwa adabu. Yule aliyeshika kwamba Kamungo ni wetu hakubadili neno lake, ila aliniuliza: "Mwalimu, angalibaki Nyarugusu, angaliweza kuja huku tukacheza naye?"

Nilimjibu kwamba kwanza angalipaswa kuomba kibali, nacho kingeandikwa siku ya kutoka na siku ya kurudi.