Sauti za Hårsfjärden

Hapa Rinkeby bahari haionekani. Hata hivyo, sisi wa pwani, kutoka Barawa hadi Unguja, habari za maji hutuvuta, na Stockholm ina kisa chake cha bahari ambacho Waswidi wazee hawajakisahau.

Tarehe 27 Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti, ambayo Waswidi waliiita U 137, ilikwama mwambani karibu na kambi ya jeshi la majini ya Karlskrona. Hiyo haikuwa ndoto. Dunia nzima iliiona. Tangu hapo kila mlio baharini ulitiliwa shaka. Oktoba 1982 jeshi lilisaka nyambizi katika ghuba ya Hårsfjärden, kusini mwa Stockholm, likarusha mabomu majini, lisipate kitu. Hata hivyo mwaka 1983 tume ya serikali iliwataja Wasovieti, na serikali ya Olof Palme ikapeleka malalamiko Moscow.

Sehemu ya ushahidi ilikuwa sauti, na hapa ndipo penye kazi. Bahari ya Baltiki ina kina cha wastani wa mita 55 hivi tu, na kati ya visiwa maji ni haba zaidi. Sauti moja hugonga sakafu, hupanda juu, hugonga tena, ikafika mara nyingi kwa kuchelewa kidogo kidogo, kama adhana moja isikikayo kutoka misikiti mitatu. Tena matabaka ya chumvi na baridi huipinda njiani. Mtaalamu huitenganisha kwa hesabu, milio ya juu mbali na ya chini mbali, kisha huisoma kwenye mchoro. Rafadha ya chombo hupiga kwa mpangilio. Lakini mchoro hautaji jina wala taifa. Jina hutoka kwa msikilizaji, na aliyekwisha kumtarajia Mrusi atamsikia Mrusi.

(Miaka hiyohiyo mwanaisimu Ulla-Britt Kotsinas alikuwa akiwasikiliza vijana wa hapa kwetu. Wengine walisikia Kiswidi kibovu. Yeye alisikia lugha yenye utaratibu wake.)

Mwaka 1994 Waziri Mkuu Carl Bildt alimwandikia Rais Boris Yeltsin kulalamika. Mwaka 1996 jeshi likawaita wanasayansi Magnus Wahlberg na Håkan Westerberg wasikilize ule mlio maarufu, unaofanana na mafuta yakikaanga. Wakagundua ni strömming, jamaa wa mbali wa dagaa wa Kigoma, anapoachia hewa kwa nyuma. Kwa heshima ya wazee hatuendelei. Maelezo yao ya mwaka 2003 yanataja vidundo 7 hadi 50 mfululizo, vikishuka kutoka mitikisiko 4,000 hivi kwa sekunde hadi 3,000. Rafadha haishuki namna hiyo. Mwaka 2004 walipewa, pamoja na wenzao, tuzo ya mzaha ya Ig Nobel. Milio mingine ilikuwa ya wanyama wadogo waogeleao.

Mwaka 2001 uchunguzi wa Rolf Ekéus ulisema taifa la nyambizi za Hårsfjärden haliwezi kuthibitishwa. Ikabaki kanda moja ya tarehe 12 Oktoba 1982, iliyotegemewa kuliko zote. Ilipochambuliwa upya mwaka 2008, mlio wake ulionekana kuwa wa boti ya abiria ya Kiswidi, jina lake Amalia.